Mwanamke, matamasha ya filamu na kazi ya uprodyuza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wasichana wengi, na kina mama pia, huniuliza wataingiaje kwenye filamu bila kuwa waigizaji. Maswali yanajirudia, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja na majibu yake. Ninafanya kazi ya utayarishaji Dar es Salaam na huhudumu kwenye matamasha ya filamu. Ninayoandika nimeyaona kazini, au yanatoka kwa wanawake wenzetu ambao kazi zao ziko hadharani. Utaona narudi mara kwa mara kwenye mikataba, vibali na haki. Ninafanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu anayeshika karatasi za filamu ndiye anayeishika filamu yenyewe, na wanawake wengi kwenye fani hii wamepewa kila kitu kushika isipokuwa karatasi.

Prodyuza ni nani? Si ndiye mwenye hela?

Hapana. Mwenye hela ni mwekezaji au mfadhili, na mara nyingi hata kwenye seti haji. Prodyuza ndiye anayeibeba filamu tangu ikiwa wazo la kurasa mbili. Anamtafuta mwandishi na kuandikiana naye mkataba, anamleta mwongozaji, anapanga bajeti, anasaka fedha, anafuatilia vibali, anaajiri, analisha watu, analipa watu. Picha zikishapigwa anasimamia uhariri, sauti, rangi na maandishi ya tafsiri, kisha anaitafutia filamu tamasha na mnunuzi. Mwongozaji akimaliza yake ataanza hadithi nyingine. Prodyuza, miaka 5 baadaye, bado anajibu barua pepe za filamu ileile.

Chukua siku moja ya kupiga picha Kariakoo. Saa 10 alfajiri Noah ya kwanza imeshatoka kuwafuata watu wa mavazi na mapambo, maana mwigizaji hawezi kuwa mbele ya kamera saa 1 kama hajapambwa. Kibali kipo kwenye faili na nakala ipo mkononi, kwa sababu mwenyekiti wa mtaa atauliza, na askari naye atauliza. Mama lishe ambaye meza yake itaonekana nyuma ya mwigizaji ameshasaini karatasi ya ridhaa na amefidiwa wateja wake wa asubuhi. Duka la simu la jirani linapiga muziki. Prodyuza ameshaongea na kijana wa pale azime kwa muda, kwani wimbo ukiingia kwenye sauti ya mazungumzo itabidi ama uulipie haki zake ama uitupe sauti yote. Hayo hayaonekani kwenye skrini, lakini ndiyo yanayofanya jua lizame picha zikiwa zimepatikana.

Kuna wanawake wa kwetu waliofika mbali kwa kazi hii?

Wapo. Majina yao hayatajwi sana kwa sababu macho ya watu yapo kwa waigizaji.

Anne Mungai alitoa Saikati mwaka 1992, wakati Kenya haijawahi kuwa na filamu ndefu iliyoongozwa na mwanamke wa nchi hiyo. Judy Kibinge aliacha kazi nzuri kwenye matangazo ya biashara Nairobi, akaongoza Dangerous Affair mwaka 2002, na muongo mmoja baadaye akaanzisha Docubox, mfuko unaosaidia dokyumentari za Afrika Mashariki. Kwangu mimi hilo la Docubox ni kubwa kuliko filamu yoyote aliyoongoza. Filamu moja ni ya mtu mmoja, lakini mfuko unafungulia watu mlango mwaka baada ya mwaka. New Moon ya Philippa Ndisi-Herrmann, iliyopigwa Lamu na kushinda tuzo ya dokyumentari bora kwenye tamasha la Durban, Afrika Kusini, mwaka 2018, ni moja ya zilizopita kwenye mlango huo.

Halafu wapo maprodyuza hasa. Filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kuwania Oscar ni Nairobi Half Life, mwaka 2012. Watu wanamkumbuka mwigizaji na mwongozaji. Kwenye orodha ya maprodyuza utawakuta wanawake wawili, Sarika Hemi Lakhani na Ginger Wilson. Toni Kamau naye ni prodyuza wa Softie, dokyumentari ya Sam Soko inayomfuata mwanaharakati Boniface Mwangi hadi kwenye kugombea ubunge wa Starehe. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 5. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Sundance, Marekani, mwaka 2020 na kupata tuzo maalumu ya majaji kwa uhariri, na mwaka huohuo Toni akaalikwa kuwa mwanachama wa akademi inayotoa tuzo za Oscar. Fikiria miaka yote hiyo: kuna mtu anatafuta fedha za mwezi ujao, anaandika ripoti kwa wafadhili, anahakikisha picha zimehifadhiwa sehemu zaidi ya moja. Huyo ndiye prodyuza.

Kwetu Tanzania, Seko Shamte aliongoza Binti, iliyotoka mwaka 2021 ikieleza maisha ya wanawake wanne wa Dar es Salaam, na maprodyuza wake ni Angela na Alinda Ruhinda. Filamu ile ilifika Netflix. Nawataja hawa kwa sababu ukiambiwa kwamba kazi hii haina wanawake, uwe na majina ya kujibu.

Sijasoma filamu chuoni. Nimechelewa?

Hujachelewa. Lupita Nyong'o, miaka karibu 10 kabla ya kushinda Oscar mwaka 2014, alifanya kazi miongoni mwa vijana wa uzalishaji wakati The Constant Gardener inapigwa Kenya. Kazi ya kutumwa huku na huku. Baadaye akaongoza dokyumentari yake mwenyewe kuhusu watu wenye ualbino nchini Kenya.

Kama unataka darasa, yapo: Idara ya Sanaa za Ubunifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, na Nairobi kuna Kenya Institute of Mass Communication. Kampala kuna Maisha Film Lab, iliyoanzishwa na Mira Nair, na wengi wanaofanya kazi leo Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda walipita katika warsha zake. Kwa waliokwisha kuwa na kazi moja au mbili za kuonyesha kuna Talents Durban na Berlinale Talents, ambako unaomba, unachaguliwa, unakaa siku kadhaa na watu wa fani yako kutoka nchi nyingine.

Lakini nataka kusema jambo ambalo wasichana wengi hawaambiwi. Kama umesoma uhasibu, sheria, ugavi au ukatibu muhtasi, tayari una nusu ya kazi ya prodyuza. Seti nyingi za hapa zina watu wanaojua kamera na hazina mtu anayejua kufunga hesabu ya siku. Nenda kwa kampuni ukiwa na ujuzi huo mkononi. Sema, "Naweza kuwawekea vizuri risiti, mikataba na ratiba." Ukishaona bajeti za filamu kadhaa kwa undani utaijua biashara hii kuliko wengi waliokutangulia.

Wasichana wakiingia kwenye seti wanapelekwa mapambo na mavazi. Nitatokaje huko?

Kwanza, mapambo na mavazi ni kazi kamili zenye ufundi wake, na asikudharau mtu kwa kuzifanya. Kama siyo zako, omba kazi ya kontinuiti. Mtu wa kontinuiti anaandika kila kipande kilichopigwa: glasi ilikuwa mkono gani, kitenge kilifungwa vipi, mwigizaji alisema maneno gani tofauti na skripti, kipande kipi mwongozaji amekipenda. Anakaa karibu na mwongozaji siku nzima na daftari lake linaenda mpaka kwa mhariri. Sijui shule nzuri kuliko hiyo. Ukitoka hapo unaweza kuwa msaidizi wa mwongozaji, na msaidizi wa mwongozaji anayejua kupanga siku ana hatua moja tu mbele yake kuwa meneja wa uzalishaji.

Tamasha la filamu lina ajira gani?

Nyingi kuliko watu wanavyodhani, ingawa nyingine ni za msimu na nyingine zinaanza kwa kujitolea. Kuna wanaochuja filamu, ambao wanakaa miezi wakitazama zilizotumwa na kuandika maoni. Kuna wapangaji wa programu, wanaoamua filamu gani iende usiku gani na iambatane na ipi. Kuna watu wa wageni: tiketi, hoteli, mapokezi ya uwanja wa ndege. Kuna habari, ulinzi wa milango, tafsiri, fedha. Na kuna kazi ambayo mimi naipenda kuliko zote, ya mtu wa nakala.

Mtu wa nakala anapokea filamu zenyewe. Siku hizi kumbi zinatumia DCP, faili kubwa za filamu zinazokuja kwenye diski au kwa intaneti. Unaifungua, unatazama dakika za mwanzo, za katikati na za mwisho. Je, sauti inatoka pande zote? Maandishi ya tafsiri yapo, na ni ya lugha iliyoandikwa kwenye programu? Kama faili imefungwa, ufunguo wake umefika? Ufunguo huo unafanya kazi kwa tarehe na saa zilizopangwa tu, kwa hiyo onyesho likisogezwa mbele na ufunguo ukaisha muda, skrini itabaki nyeusi na ukumbi umejaa. Anayeijua kazi hii vizuri hatafutiwi kazi, matamasha yanamtafuta.

Kwa Afrika Mashariki, pa kujifunzia pazuri ni Tamasha la Nchi za Jahazi, ZIFF, pale Zanzibar. Limekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na tuzo yake kuu ni Jahazi la Dhahabu. Maonyesho makubwa yamekuwa yakifanyika Ngome Kongwe, uwanjani, chini ya anga. Hapo huwezi kuanza filamu kabla giza halijaingia, upepo wa kusi unaitikisa skrini, na adhana ya Isha inapangiwa nafasi kwenye ratiba kama ilivyo heshima ya mji. Tamasha hilo pia limekuwa na utamaduni wa kupeleka maonyesho vijijini Unguja na Pemba, na majukwaa ya wanawake. Nakushauri ukajitolee kwenye kazi za vijijini kabla ya zulia jekundu. Kule utaona filamu inavyopokelewa na bibi ambaye hakuja kupigwa picha wala kuonekana. Akichoka anaondoka, ikimgusa anajibizana na skrini.

Je, kuna wanawake wanaoongoza matamasha?

Tamasha kubwa kuliko yote Afrika, FESPACO la Ouagadougou, lilipoanza mwaka 1969 mwenyekiti wa kamati yake ya maandalizi alikuwa mwanamke, Alimata Salambéré, mtu wa televisheni. Baadaye, miaka ya 1980, alirudi kuliongoza. Mkenya Wanjiku wa Ngũgĩ alianzisha na kuliongoza tamasha la filamu za Kiafrika la Helsinki, kule Finland. Nairobi kukawa na Udada, tamasha la filamu za wanawake lililoanza mwaka 2014.

Lakini kuongoza ni jambo moja na kutuzwa ni jingine. Tuzo kuu ya FESPACO inaitwa kwa jina la binti mfalme, Yennenga, mpanda farasi wa hadithi za Wamossi. Imetolewa tangu mwaka 1972, na hadi tamasha la mwaka 2025 hakuna mwongozaji mwanamke aliyeichukua ile ya dhahabu. Hili linaniuma. Haiwezekani kuwa bara zima halikuwa na mwanamke anayestahili, na Safi Faye wa Senegal alikuwa akitengeneza filamu ndefu tangu miaka ya 1970. Kwenye tamasha la Berlin, mwaka 2024, Mati Diop, mwongozaji mwanamke mwenye asili ya Senegal, alichukua tuzo kuu, Dubu wa Dhahabu, kwa filamu yake Dahomey. Ndiyo maana nasisitiza wanawake waingie kwenye kamati za uchujaji na za majaji, mahali ambapo filamu inakubaliwa au inaachwa watu watatu wakiwa chumbani.

Filamu yangu tayari ipo YouTube. Naweza kuipeleka kwenye matamasha?

Baadhi, ndiyo. Yale makubwa, karibu hapana. Hili ndilo swali linalonisikitisha kuliko yote kwa sababu huwa linakuja filamu ikiwa imeshawekwa, tena filamu nzuri.

Matamasha yanashindania onyesho la kwanza. Kuna onyesho la kwanza la dunia, la kimataifa yaani nje ya nchi yako, la bara, la nchi. Cannes, Berlin na Venice hutaka filamu ndefu ambayo dunia haijaiona, na wakilegeza sana watakubali iliyoonyeshwa nyumbani kwake tu. Ukiiweka filamu kwenye mtandao ambako kila mtu anaiona, umeshayatumia maonyesho yako ya kwanza yote kwa mpigo, hata kama ina watazamaji 200. Kuifuta baadaye hakurudishi kitu. Filamu fupi zina nafuu kidogo, na matamasha mengi ya Afrika hayana ukali huo, kwa hiyo soma kanuni za kila moja.

Utaratibu ninaoushauri ni huu. Filamu ikikamilika, iweke kwenye kiungo cha siri chenye nywila. Andika orodha ya matamasha kuanzia lile unalolitamani zaidi, na usiwape wadogo kabla wakubwa hawajajibu. Jipe mwaka mmoja hadi miwili ya matamasha. Trela unaweza kuiachia hadharani wakati wowote. Baada ya hapo ndipo televisheni, majukwaa ya kulipia, na mwisho kabisa YouTube.

Ada za kutuma filamu zinanishinda.

Omba msamaha wa ada. Andika barua pepe fupi na ya heshima kwa ofisi ya programu, jitambulishe, taja nchi yako, eleza filamu kwa sentensi mbili na uweke kiungo. Matamasha mengi yana nafasi za kuwasamehe watengenezaji kutoka Afrika lakini hawatangazi. Na jihadhari na matamasha ya mtandaoni yanayogawa tuzo kila mwezi kwa kila aliyelipa. Kabla ya kulipa tafuta picha za ukumbi wao, majina ya majaji, na filamu walizoonyesha mwaka jana.

Muhtasari wa filamu unaandikwaje hadi msomaji avutiwe?

Mtu wa uchujaji anasoma mihtasari mingi kwa siku, na mingi inafanana. Huu ni mfano wa aina ninayokutana nayo sana:

"Filamu hii inahusu changamoto mbalimbali zinazomkabili mwanamke katika jamii na namna anavyopambana kufikia ndoto zake."

Inaweza kuwa filamu yoyote duniani. Sasa chukua hadithi hiyohiyo na uiandike kwa mambo yake:

"Maji ya pwani ya Paje yamepata joto na mwani unaoza kwenye kamba. Mjane wa miaka 58, aliyelima mwani ufukweni maisha yake yote bila kujua kuogelea, anaamua kujifunza ili akapande kwenye kina kirefu. Mwalimu pekee anayepatikana ni mwanawe wa kiume, ambaye hawajasemezana tangu msiba wa baba."

Ya pili ina mahali, mtu, anachokitaka na kinachomzuia. Kilimo cha mwani Zanzibar kiko mikononi mwa wanawake, na joto la maji kweli limewaharibia mazao ya karibu na ufukwe, kwa hiyo msomaji wa Rotterdam anajifunza kitu na msomaji wa Jambiani hacheki kwamba umedanganya. Usiongeze sifa za filamu yako kama "ya kusisimua". Waachie wao waseme.

Fedha zinapatikana wapi?

Kwa dokyumentari anza na Docubox, kisha IDFA Bertha Fund ya Amsterdam. Kwa filamu za kubuni kuna Hubert Bals Fund ya tamasha la Rotterdam, iliyopo tangu mwaka 1988, na World Cinema Fund ya Berlin, ambayo inakutaka uwe na mshirika wa Kijerumani. Tanzania tuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, unaotoa mikopo. Mkopo ni mkopo, kwa hiyo uuombe ukiwa na mpango wa kurudisha. Durban FilmMart, kila mwaka Afrika Kusini, ni soko la kukutana na washirika ukiwa na mradi ambao bado haujapigwa. Watu wanakaa mezani, wanakusikiliza kwa muda uliopangwa, wanakuuliza bajeti yako na umeshapata kiasi gani. Swali hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. Uwe na chochote cha kuonyesha, hata kama ni kamera uliyokubaliwa kutumia bure na nyumba ya shangazi ya kupigia picha. Viandike kwa thamani yake, vinahesabika kama mchango.

Vibali vinahitajika kweli kwa filamu ndogo?

Vinahitajika. Tanzania Bara unakwenda Bodi ya Filamu, iliyo chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Zanzibar kuna mamlaka yake, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, kwa hiyo kibali cha Dar es Salaam hakikufikishi Forodhani. Kenya leseni za kupigia picha na upangaji wa madaraja ya umri viko kwa Kenya Film Classification Board. Omba mapema, na uwe na skripti iliyokamilika.

Nguvu ya bodi hizi isichukuliwe kwa wepesi. Mwaka 2018 Rafiki ya Wanuri Kahiu ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi Cannes, na kabla haijaonyeshwa huko ilishapigwa marufuku nyumbani kwa sababu ya hadithi yake ya mapenzi ya wasichana wawili. Septemba ya mwaka huo Mahakama Kuu ikaondoa marufuku kwa siku 7 tu. Kwa nini 7? Kanuni ya Oscar kwa filamu za kimataifa ilitaka filamu ionyeshwe kwenye sinema za nchi yake kwa siku 7 mfululizo. Ilionyeshwa na kumbi zikajaa, ingawa kamati ya Kenya baadaye iliichagua Supa Modo. Liko fundisho la kazi hapo, bila kujali mtu ana msimamo gani juu ya hadithi yenyewe. Mtu aliyezijua kanuni kwa tarehe na kwa namba aliweza kuiombea filamu nafasi mahakamani.

Nikiombwa rushwa ya ngono ili nipate kazi?

Si wewe uliyekosea. Tanzania hilo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Tunza ujumbe wote, usifute kwa hasira wala kwa aibu. Mweleze mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo, na uandike tarehe.

Kwa nyinyi mlio maprodyuza au mtakaokuwa, ulinzi unaanza kwenye utaratibu. Usaili wa waigizaji ufanyike ofisini au ukumbini mchana, watu wasiopungua wawili wakiwa mezani. Usafiri wa kurudi usiku ulipwe na uzalishaji, dada asibaki akitegemea lifti ya mtu. Na kila mkataba utaje jina la mtu wa kupokea malalamiko ambaye siye mwongozaji.

Nina mtoto mdogo. Niache?

Usiache. Weka mlezi kwenye bajeti, kama unavyoweka dereva. Wafadhili wengi sasa wanaukubali mstari huo, na asiyeukubali mwulize sababu. Cannes kwenyewe, tangu mwaka 2019, soko lake lina sehemu iliyotengwa kwa wazazi wanaokuja na watoto. Bibi wa mtoto akijitolea ni baraka, lakini naye mlipe. Anafanya kazi ya filamu yako.

Tamasha la Ulaya limenialika. Viza nianze lini?

Leo. Maombi ya viza ya Schengen yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Muda wa kawaida wa kujibu ni siku 15 na unaweza kufika 45. Omba tamasha barua inayotaja wazi nani analipa nauli, malazi na bima. Tafuta miadi kabla hata barua haijafika, kwa sababu foleni ya miadi ndiyo inayowakosesha watu safari.

Msambazaji anataka kununua filamu yangu moja kwa moja. Nisaini?

Usisaini siku hiyo. Enzi za DVD za Bongo Movie, watengenezaji wengi walipeleka masta, yaani nakala mama ya filamu, Kariakoo, wakalipwa mara moja, na haki zote zikaenda nayo. Miaka ikapita, televisheni za kulipia na mitandao ikaja, filamu zikaendelea kuonyeshwa, na aliyeuza gari lake ili kuitengeneza hana cha kudai. Wako waigizaji wa kike wa enzi ile waliokuwa maprodyuza wa filamu zao wenyewe na leo hawana haki hata ya kuzirudia kwenye chaneli zao.

Kabla ya kuonana na mnunuzi yeyote hakikisha una mikataba iliyosainiwa na mwandishi, mwongozaji, waigizaji na mtunzi wa muziki, inayosema haki zao kwenye filamu hii zimekuja kwako kwa malipo gani. Tanzania isajili filamu kwenye Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA; Kenya ni KECOBO. Mnunuzi makini atakuomba karatasi hizi, na ukikosa moja dili linasimama.

Kisha soma mkataba wake ukitafuta mambo haya: anachukua maeneo gani, kwa miaka mingapi, kwa njia zipi za maonyesho, atakupa taarifa za mapato kila baada ya muda gani, na nini kinatokea asipokulipa. "Dunia nzima, njia zote, milele" ni maneno ya kuyakatia mstari na kuandika mengine juu yake. Mpe Afrika Mashariki kwa miaka 3, ubaki na kwingine. Haki za lugha nyingine na za kuitengeneza upya zibaki kwako. Mlipe wakili asome kurasa zote, hata kama ni rafiki wa familia. Na masta isitoke kwako. Peleka nakala, chukua stakabadhi yenye tarehe na saini.